Miezi minane naandika silabi za albamu ( ) ya Sigur Rós. Je, kuna ujumbe umefichwa?

Daftari_la_Usiku

Wadau, salaam. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kunijibu, maana jambo hili nimekaa nalo muda mrefu na sijapata wa kumweleza.

Ninayo CD ya Sigur Rós, ile bendi ya rock ya Iceland. Ni albamu yao ya mwaka 2002, ile isiyo na jina. Kwenye gamba la nje wametoboa mabano mawili tu, ( ), basi. Ndani mna nyimbo nane na hakuna hata mmoja wenye jina. Hakuna mashairi yaliyochapwa, hakuna majina ya wapigaji, hakuna shukrani kwa yeyote. Kijitabu kina kurasa 12, zote tupu. Na Jónsi, mwimbaji, kwa zaidi ya dakika 70 haimbi Kiiceland wala Kiingereza. Anazungusha silabi chache, zilezile, tangu wimbo wa kwanza hadi wa nane, kwa ile sauti yake nyembamba ya juu ambayo mara ya kwanza nilidhani ni ya mwanamke.

Sasa, CD yangu si mpya. Ilikuwa na mwenyewe kabla yangu, mtu nisiyemjua kabisa. Nilipofungua kijitabu nikakuta ameandika humo kwa penseli. Hati ndogo, imelala kushoto, na pembeni ya kila mstari dakika na sekunde zimepangwa kwa uangalifu, hata sifuri zake amezifunga vizuri. Ukurasa wa kwanza: "Uso." Chini yake: "Uso wake." Chini zaidi: "Uso wake sijausahau." Ukurasa wa tatu kuna neno moja, "usia", limekatwa mstari mara moja kisha likaandikwa tena palepale chini. Kwenye ukurasa wa wimbo wa saba hakuna neno, kuna nukta tu, imekandamizwa kwa nguvu mpaka karatasi imebonyea upande wa pili. Ukurasa wa wimbo wa nane hakuandika kitu.

Usiku ule ule niliweka hedifoni, nikafuata zile dakika. Wallahi nilisikia! Jónsi anaimba kitu kama "yu so", na mimi nikasikia "uso", wazi, kama mtu aliyekaa kando yangu. Na ile "yu sai" ikageuka "usia" mbele ya masikio yangu.

Tangu hapo nina daftari. Nimeandika kila silabi ya kila wimbo, nimezihesabu, nimezipanga kwa mistari kama beti. Katikati ya albamu, baada ya wimbo wa nne, kuna kimya cha sekunde 36. Kabla ya kimya nyimbo zina mwanga, baada yake zinaingia giza. Halafu nikaja kujua kwamba bendi wenyewe huuita wimbo wa saba Dauðalagið, yaani "wimbo wa kifo". Nikaunganisha: kuna mtu anaacha usia, anafariki pale kwenye kimya, na nusu ya pili ni wale waliobaki.

Swali langu ni hili. Kuna yeyote aliyewahi kufika huku? Na huyu wa penseli, mnadhani alijua jambo ambalo sisi hatulijui? Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Sitaki kuwa mjinga wa fumbo hili.

NyuziSita

Karibu sana mkuu. Hiyo albamu nimeisikiliza tangu nikiwa kijana, kwa hiyo nakujibu kwa heshima yote, ila sitakuficha kitu.

Hayo anayoimba Jónsi yana jina: Vonlenska. Limetokana na "Von", jina la wimbo na pia la albamu yao ya kwanza ya 1997, na von kwa Kiiceland ni tumaini. Jina ni zuri, lakini si lugha. Haina msamiati wala sarufi, na bendi wenyewe hawajawahi kuficha hilo. Ni sauti za mdomo zilizochaguliwa kwa sababu zinakaa vizuri kwenye muziki, sauti ya binadamu ikitumika kama chombo kimojawapo kati ya vyombo. Yeyote aliyewahi kutunga anajua inavyokuwa: melodia inakuja kwanza, maneno bado, kwa hiyo unaimba "na na na" na "lo lo lo" kushikilia nafasi. Wengine baadaye huziondoa silabi hizo na kuweka maneno. Kwenye albamu hii wao waliziacha zibaki.

Ukitaka lugha ya kubuni yenye maana, watafute Magma, bendi ya Ufaransa iliyoanza 1969. Mpiga ngoma wao, Christian Vander, alibuni Kikobaïa kwa ajili ya hadithi ya sayari anayoisimulia kutoka albamu hadi albamu, na maneno mengi ya humo yana maana kweli. Huko daftari lako lingekulipa. Kwa Sigur Rós unachimba kisima mahali ambapo wenye shamba wamekwambia hakuna maji.

Kuhusu majina ya utani ya nyimbo, naomba uyaangalie yote, usichukue lile la kifo peke yake. Wa kwanza ni Vaka, jina la binti wa Orri, mpiga ngoma wao wa wakati huo. Wa pili ni Fyrsta, yaani "wa kwanza" tu. Wa tatu Samskeyti, kiungio. Wa tano ni Álafoss, jina la mahali ilipokuwa studio yao wakati huo kule Mosfellsbær, kwenye bwawa la kuogelea la zamani walilolikarabati. Wa sita ni E-Bow, ambacho ni kifaa! Unakishika juu ya uzi wa gitaa, sumaku yake inautikisa uzi bila kuuchapa, sauti inaendelea bila kukatika. Georg, mpiga besi wao, alikitumia kwenye besi, wimbo ukapata jina. Wa nane ni Popplagið, "wimbo wa pop". Hayo ni majina ya mazoezini, ya kusaidia wapigaji waambiane "tupige ule". Ukitoa moja ukalijengea nyumba, saba yaliyobaki yanakaa wapi?

Na kama shauku yako ni vilivyofichwa, bendi hii hii inavyo, tena vya kushikika. Chukua albamu yao ya 1999, Ágætis byrjun. Wimbo wa kwanza kabisa, ule utangulizi mfupi, ni vipande vya wimbo wenye jina la albamu vikiwa vimegeuzwa kinyumenyume. Wimbo wa mwisho, Avalon, ni kipande kutoka wimbo mwingine wa albamu hiyohiyo kikiwa kimepunguzwa mwendo mpaka hukitambui tena. Na kwenye Starálfur, fidla zimeandikwa ili mstari wake uwe uleule ukiupiga kwenda mbele au kurudi nyuma. Geuza, sikiliza, utapata. Haihitaji imani yoyote.

SautiPembeni

Mimi kazi yangu ni kuchanganya sauti, kwa hiyo nitazungumzia sikio tu.

Ndugu Daftari, hebu rudi kwenye maelezo yako mwenyewe. Umesema kwanza ulisoma "uso", kisha ukaweka hedifoni. Mpangilio huo ndio jibu. Mwaka 1985 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Lethbridge, Kanada, John Vokey na Don Read, walirekodi maneno wakayageuza kinyumenyume. Mojawapo lilikuwa Zaburi ya 23. Watu waliosikilizishwa waliweza kutambua kama msemaji ni mwanamume au mwanamke, lakini maana ya kilichosemwa hawakuipata. Ila walipoambiwa mapema, "sikiliza, hapa utasikia maneno haya", wengi waliyasikia. Na hayo waliyoambiwa hayakuwa yamesemwa na mtu yeyote.

Sikio halisubiri sauti iishe ndipo lielewe. Linabashiri. Linapokea nusu na kujazia nusu, na linajazia kwa lugha ya mwenye sikio. Jónsi anaimba vokali ndefu zenye mwangwi mwingi, konsonanti zake laini zinazama kwenye ogani na kwenye gitaa lile analolipiga kwa upinde wa selo. Hapo kuna nafasi kubwa ya kujazia kuliko karibu muziki wowote ninaoujua. Mzungumzaji wa Kiingereza anasikia "you". Wewe unasikia "uso". Kila mtu anakuta nyumbani kwake.

Hili jambo limewahi kufika hata mahakamani. Mwaka 1990, kule Reno, Nevada, bendi ya Uingereza Judas Priest ilishtakiwa kwamba wimbo wake una amri ya siri iliyosababisha msiba wa vijana wawili. Hukumu ilikuwa kwamba maneno yaliyosikika yalitokana na sauti kadhaa kugongana kwa bahati tu, hakuna aliyeyapanda pale. Sikwambii haya kukutisha. Nataka uone kwamba masikio ya watu wenye uchungu wa kweli, wasio na nia ya kudanganya, yalisikia.

Fanya jaribio dogo. Tafuta mtu asiyejua lolote kuhusu penseli. Mpe hedifoni, usimwambie neno, usimwangalie usoni hata. Akimaliza muulize amesikia nini. Sikia "uso" kutoka kwake bila kumdokeza, na mimi nitanunua daftari.

Daftari_la_Usiku

Nimefanya, SautiPembeni. Nimefanya mara mbili, na nilitaka kwa moyo wote ukosee.

Wa kwanza alikuwa dada yangu. Alifumba macho, akasikiliza wimbo wa kwanza wote. Nikamuuliza. Akasema, "Anasema sai. Sai, sai. Kama mtu anayemwita mwenziwe aje saa hii." Nikamuuliza hakusikia kitu kingine? Akafikiri, akasema labda "filimbi", lakini imekatika. Uso hakuusikia. Usia hakuusikia. Nikamwonyesha ukurasa wa penseli, nikarudisha nyuma, akasikiliza tena. Safari hii uso wake ulibadilika kabla ya Jónsi kumaliza mstari. "Eh! Uso!" akasema. Pale pale nikaelewa mlichokuwa mnaniambia, kwa sababu nilijiona mimi mwenyewe kwa mtu mwingine, ule usiku wa kwanza.

Wa pili alikuwa rafiki yangu asiyependa rock kabisa. Yeye alisikia "Isa". Alikuwa na uhakika kuliko mimi.

NyuziSita, na wewe nimekufuata. Niligeuza ule utangulizi wa albamu ya 1999. Ulinyooka, ukawa wimbo. Nilifurahi, sitasema uongo, lakini furaha yake ilikuwa ya dakika kumi. Nilipata jibu na nikabaki na uzito uleule. Kumbe sikuwa natafuta jibu la aina ile. Ninachoshindwa kukiacha ni yule mtu wa penseli. Kama hakuna ujumbe, yeye alikuwa anafanya nini mle ndani? Mtu hawezi kukata neno "usia" na kulirudia kama hana hakika. Na ile nukta?

Bi_Kinanda

Mwanangu Daftari, samahani nakuita mwanangu, nimesoma maandishi yako yote na nimeona umri wako katika maswali yako.

Wenzako wamekujibu vizuri kuhusu alichoimba Jónsi. Mimi nataka tuzungumze juu ya zile kurasa 12. Ulizitaja mwanzoni kabisa ukazipita, kana kwamba utupu wake ni sehemu ya fumbo. Siyo fumbo. Ni mwaliko. Bendi waliziacha tupu makusudi ili msikilizaji aandike humo maneno yake au achore anachokiona wakati wa kusikiliza. Wao walitoa sauti, wakatoa karatasi, wakanyamaza.

Kwa hiyo mtu wa penseli hakuwa anafumbua. Alikuwa anatunga. Soma tena ulichotuandikia: "Uso." "Uso wake." "Uso wake sijausahau." Huyo si mtu anayenakili anachokisikia, maana Jónsi hana "sijausahau" popote. Silabi zake hazitoshi hata kuanza kulitamka. Huyo ni mtu aliyepewa neno moja na sikio lake, akaona ni la nani, akaendelea nalo mwenyewe. Na lile "usia" lililokatwa na kurudi, wewe umeliona kama hakika. Mimi nimetunga nyimbo za kwaya miaka mingi, na naliona vingine. Hivyo ndivyo neno linavyokatwa na mtu linapomuuma, akatafuta jingine jepesi, akakosa, akalirudia.

Nukta ya wimbo wa saba siwezi kukueleza. Nenda kausikilize bila daftari. Unapanda taratibu sana, unafika mahali ambapo wote wanapiga kwa nguvu zao zote na Jónsi anapanda juu yao. Mimi mwenyewe ningekuwa na penseli mkononi dakika ile sijui kama ningeandika herufi.

Hapa naomba nipingane kidogo na wanangu wawili wa juu. Mmesema hakuna maana, na mmesema kama vile jambo limekwisha. Maneno hayana maana, sawa. Lakini nyimbo zile zimepangwa. Nusu ya kwanza nyepesi, nusu ya pili nzito, na kimya katikati, kama mtu anayegeuza kaseti polepole na hataki kuongea huku akigeuza. Mwisho Popplagið, karibu dakika 12, unaanza na gitaa tulivu na unaisha na ngoma za Orri zikikimbia mpaka hazina pa kukimbilia. Kwa miaka mingi wamefunga nao maonyesho yao. Watu hawaufungi usiku kwa kitu kisicho na maana. Daftari alihisi giza baada ya kimya kabla hajajua jina hata moja la utani, na hapo hakudanganywa na penseli ya mtu. Hilo alilisikia sawasawa. Kosa lilikuwa kulitafutia sentensi.

SautiPembeni

Bi Kinanda, shikamoo. Nakubali. Nilijibu swali la sikio nikadhani nimejibu swali lote.

Naongeza kitu kimoja kwa ajili ya Daftari. Kwenye albamu ya Pink Floyd ya 1979, The Wall, kuna ujumbe wa kweli uliogeuzwa kinyumenyume, katika Empty Spaces. Ukiugeuza unamsikia Roger Waters akikupongeza kwa kugundua ujumbe wa siri, kisha anakuambia utume jibu lako mahali pa kuchekesha. Niliutafuta nikiwa na miaka kumi na saba kwa kuzungusha sahani kwa kidole. Nikaupata. Leo nikisikiliza albamu ile, sehemu inayonishika koo siyo ile. Ile sehemu naipita.

NyuziSita

Mkuu Daftari, una uhakika ukurasa wa wimbo wa nane hauna kitu? Angalia kwa mwanga wa pembeni, inamisha karatasi. Penseli ikifutwa huacha mfereji.

Daftari_la_Usiku

Shikamoo Bi Kinanda. Nilichelewa kujibu kwa sababu nilifanya mlivyosema, kwa mpangilio.

Kwanza karatasi. Nimezima taa, nimeweka tochi chini kabisa usawa wa meza, nimeinamisha ukurasa wa nane pande zote nne. Hakuna mfereji. Kinachoonekana ni ule uvimbe mdogo wa nukta ya wimbo wa saba uliopenya kutoka upande wa pili. Hakufuta kitu pale. Hakuandika.

Kisha nimesikiliza bila daftari. Nimeliacha chumba kingine, maana likiwa karibu mkono unalifuata. Wimbo wa kwanza "uso" ulinijia tena, siwezi kuuzuia, nadhani nitakuwa nao maisha. Lakini safari hii sikuuliza ni uso wa nani kwa Jónsi. Niliwaza uso wa huyo mtu ninayetumia CD yake. Nikajikuta namtakia heri. Kwenye kimya cha sekunde 36 sikuhesabu. Kwenye wimbo wa saba, pale wanapopanda, nimeielewa nukta, ila Bi Kinanda amesema haelezeki na mimi sitajaribu.

Popplagið ulipoisha nilikaa kidogo, kisha nikachukua penseli. Nimeandika mstari mmoja kwenye ukurasa wa nane, upande wa kulia, chini, ili hati yangu isiguse uvimbe wa nukta yake. Dakika na sekunde sikuweka.